Muziki wa filamu kwa masikio ya Moshi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, watu kumi hivi, wakizidi kumi na tano, tunakaa sebuleni kwangu hapa Moshi na kusikiliza muziki wa filamu. Kusikiliza, siyo kuangalia. Televisheni inafunikwa kitambaa. Habari hizi zikifika sokoni au uwanjani baada ya ibada, huleta maswali, na maswali ni yaleyale. Nimeona niyaandike na majibu yake ili nipumzishe koo. Majibu ni yangu. Kuna wenzangu wawili hawakubaliani na nusu yake, na hao ndio wanaokuja mapema kuliko wote.

Muziki wa filamu ndio upi? Zile nyimbo za kwenye filamu?

Wimbo una mwimbaji, una beti na kiitikio, ukiutoa kwenye filamu unapigwa hata kwenye daladala na hakuna anayeshangaa. Sisi tunazungumzia ule usio na maneno, unaopita chini ya maongezi, mlango unapofunguliwa taratibu au mama anaposoma barua amesimama. Mara nyingi unapigwa na okestra, watu 60, 80, wakati mwingine 100, na aliyeuandika ameuandika akiwa na saa mkononi, kwa kuwa picha haimsubiri.

Kama hujawahi kuusikia, panda basi la Dar kuja huku. Televisheni ya mbele inaonyesha filamu, lakini sauti imezimwa kwa sababu konda amefungulia redio. Unaona mtu anakimbia barabarani. Anakimbia kwa hofu? Kwa furaha? Anawahi choo? Huwezi kujua. Aliyekuwa akueleze ni yule aliyezimwa sauti.

Sikusoma muziki, noti sizijui. Nitaelewa kitu?

Wewe si umekulia Moshi? Basi matarumbeta unayajua. Jumamosi ukiwa ndani unafua, unasikia yanapita barabarani. Gari hujaliona, bibi harusi hujamwona, lakini tayari umeshajua kuwa ni harusi na siyo msiba. Umejuaje? Vyombo vya msibani ni vilevile, wapigaji pengine ni walewale, na mashati ni yaleyale waliyovaa wiki iliyopita. Kilichokwambia ni mwendo, ni sauti kupanda badala ya kushuka, ni ngoma kubwa kugongwa kwa haraka. Mtunzi wa filamu anategemea masikio hayohayo, hana mengine.

Hili la matarumbeta nalisema kwa upendeleo, maana mimi mwenyewe napiga tromboni kwenye kikundi cha usharika wetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na desturi ya kumsifu Mungu kwa vyombo vya shaba ikatujia kwa njia hiyo ya Walutheri wa Kijerumani. Leo huwezi kumwambia Mchaga kwamba tarumbeta ni chombo cha kigeni. Atakuuliza umetoka wapi.

Na kama wewe ni mtu wa Pwani uliyehamia huku kikazi, una bahati zaidi. Taarabu ya Unguja ya mtindo wa zamani, ile ya kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905, imejengwa juu ya fidla, udi na kanuni, vyote vyombo vya nyuzi, na baadaye ikachota sana kutoka okestra kubwa za Misri ambazo watu walizisikia redioni na kwenye sinema za Kiarabu. Fidla kumi zikivuta sauti moja kwa pamoja siyo jambo la kukutisha. Bibi yako alishalizea machozi.

Nianze na mtunzi gani?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Anza na papa. Filamu ya Jaws ya mwaka 1975, muziki wa John Williams, Mmarekani aliyezaliwa 1932. Wazo lenyewe ni noti mbili, jirani kabisa, kama mi na fa za kwaya yako, zinapigwa chini na selo na besi: mi-fa, mi-fa, zinaongeza kasi. Williams alipompigia mwongozaji Steven Spielberg noti hizo kwenye piano, Spielberg alicheka, akadhani anataniwa. Baadaye alikuwa wa kwanza kukiri kwamba ziliibeba filamu, kwa sababu yule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara baharini, na pale ambapo papa hakuonekana, muziki ulikaa mahali pake.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalioni. Kuna sehemu watoto wawili wanaogelea na pezi bandia la karatasi ngumu kuwatisha watu ufukweni. Watu wanapiga kelele, wanakanyagana. Rudia sehemu hiyo ukiwa umefumba macho: zile noti mbili hazipo. Muziki unajua kwamba papa hayupo. Watu wa ufukweni wamedanganyika, wewe pia kwa macho umedanganyika, ila masikio yako yalikuwa yameshaambiwa ukweli. Tangu nilipoligundua hili sijaangalia filamu kama zamani.

Halafu nenda kwa Bernard Herrmann, Psycho, 1960. Okestra nzima ni vyombo vya nyuzi tu, hakuna tarumbeta, hakuna filimbi, hata ngoma hakuna. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka ile sehemu ya mauaji bafuni iwe kimya, isikike maji na kisu. Herrmann akaandika muziki hata hivyo, akampigia, na Hitchcock akabadili mawazo. Zile fidla zinazopiga kelele kama ndege aliyenaswa ndizo hizo. Usizisikilize usiku ukiwa peke yako na umeme wa kusuasua. Nimefanya hivyo mara moja, ukakatika papo hapo, sitaki kuelezea zaidi.

Wa tatu ni Ennio Morricone wa Roma, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2020, mpiga tarumbeta kabla hajawa mtunzi, na kwangu hilo linamwongezea heshima. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 ina watu watatu wanaowindana, na Morricone amewapa wote kipande kilekile cha muziki, mlio kama wa mbwa mwitu. Mmoja anapewa kwa filimbi, wa pili kwa okarina, kifilimbi cha udongo chenye sauti ya tope, wa tatu kwa sauti za watu. Damu moja, tabia tatu. Kwenye filamu za namna hiyo alitumia mluzi, mjeledi, kengele na gitaa la umeme, mambo ambayo okestra za Hollywood wakati ule zingeona ni utoto.

Ukimaliza hao watatu, ndipo ufungue Schindler's List ya 1993. Fidla anapiga Itzhak Perlman, muziki ni wa Williams tena. Williams mwenyewe husimulia kwamba alipoiona filamu alimwambia Spielberg, hapa unahitaji mtunzi bora kuliko mimi. Spielberg akajibu: najua, lakini wote wameshakufa. Siku tuliyoupiga huu sebuleni, mama mkwe wangu alikuwa anachambua maharage pembeni, wala hakuwa mwenzetu kwenye kikao. Mikono ikasimama. Ulipoisha akasema, "Huyu analia huku amejizuia, kuna wageni." Sijasoma uchambuzi uliosema vizuri zaidi.

Okestra ina vyombo gani?

Nyuzi (fidla, viola, selo, besi), filimbi na jamaa zake (klarineti, obo, basuni), shaba (tarumbeta, honi, tromboni, tyuba), na vya kugonga, toka ngoma mpaka matoazi. Mara nyingi kinubi na piano. Mbele anasimama kondakta, yule wa fimbo, siyo wa Hiace. Yanatosha haya kwa kuanzia, mengine utayajua kwa kusikia.

Ni kweli filamu ya Hatari! ilipigwa Arusha?

Kweli kabisa. Mwongozaji Howard Hawks alikuja na John Wayne na wenzake, wakapiga sehemu kubwa ya filamu Tanganyika, huko Momella chini ya Mlima Meru na kwenye mbuga za kaskazini. Ni habari za watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani, na waigizaji wenyewe walikuwa juu ya magari yale wakikimbiza faru na twiga katika vumbi. Ilipigwa nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza, ikatoka 1962 tukiwa tumeshapata uhuru. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella akanunua shamba hukohuko. Na jina la filamu ni neno letu, limesimama bango zima duniani bila kutafsiriwa.

Muziki ni wa Henry Mancini. Ndani yake kuna kipande ambacho bila shaka umeshakisikia kwenye tangazo, kwenye katuni, hata kwenye mlio wa simu, bila kujua kimetoka wapi: Baby Elephant Walk. Kwenye filamu kuna binti anayewapeleka tembo wadogo kuoga, nao wanamfuata kwa mstari. Mancini aliangalia miguu ile inavyokanyaga, akaona ni bugi-wugi, mwendo wa piano za baa za Wamarekani weusi, nane kwa kila kipimo. Chini akaweka kinanda kama kile cha sarakasi kinachopiga miluzi, juu akaweka klarineti ndogo yenye sauti ya mtoto mkorofi. Kilimpatia tuzo ya Grammy ya upangaji wa vyombo.

Hapa ndipo kikao chetu hugawanyika. Kijana mmoja wetu, mwongoza watalii, anasema hakuna Arusha hata chembe ndani ya muziki ule; ni Marekani tupu iliyovalishwa kofia ya safari. Sina la kumpinga. Hakuna zeze, hakuna wimbo wa Kimeru, tembo wa Meru anatembea kwa mwendo wa Kansas City. Ila nami nina langu: Mancini hakudai kwamba anapiga muziki wa Kiafrika. Aliandika kuhusu tembo mdogo, na tembo mdogo yuko pale, unamwona hata ukifumba macho. Wapo waliokuja baada yake na ngoma nyingi na kelele za kwaya, wakatangaza kwamba sasa hii ndiyo Afrika, na mimi sikumwona mnyama wala mtu.

Na Kilimanjaro, mlima wetu una muziki wake?

Upo, na ni wa Herrmann yuleyule wa bafuni. Filamu ya The Snows of Kilimanjaro, 1952, kutoka kwenye hadithi fupi ya Ernest Hemingway. Mwandishi amelala kambini chini ya mlima, mguu umeoza, anakumbuka wanawake aliowapoteza. Kwenye hadithi anakufa. Kwenye filamu anapona, maana Hollywood hawakutaka kumuua Gregory Peck.

Ukitegemea kusikia barafu na Kibo utakosa. Herrmann ameandika waltzi, dansi ya polepole ya tatu-tatu, kwa ajili ya kumbukumbu. Mlima kwake ni mahali pa kulala na kukumbuka Paris. Nilikasirika mara ya kwanza. Mara ya tatu nikasema sawa, na mimi nikiwa Dar nikiukumbuka mlima huwa sikumbuki barafu, namkumbuka mtu fulani wa Kibosho.

Ule muziki wa Mfalme Simba si ni wetu? Mbona wameuimba Kiswahili?

Majina ndiyo ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ule ukelele wa mwanzo jua linapochomoza ni Kizulu, na sauti ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameishi uhamishoni Marekani. Muziki wa okestra ni wa Hans Zimmer, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1957. The Lion King ilitoka 1994 na ikampa tuzo yake ya kwanza ya Oscar.

Zimmer ameeleza mara nyingi kwamba baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, na alipofika kwenye kifo cha Mufasa akajikuta anamwandikia baba yake. Sikiliza sehemu ile. Kwaya inaingia chini sana, kama wanaume wanaoimba nje ya nyumba ya msiba usiku, wale wasioingia ndani. Kama umewahi kukesha msibani huku kwetu, utajua ninachosema.

Sisi tulikulia na picha za Kihindi. Zinahesabika?

Zinahesabika sana, na anayezidharau hakukaa nasi. Wazee wa Moshi na Arusha walioingia majumba ya sinema miaka ya sabini bado wanaweza kukuimbia Raj Kapoor bila kujua neno moja la Kihindi. Tatizo ni kwamba nyimbo ziliwaka mno, muziki wa chinichini ukasahaulika. Chukua Sholay ya 1975, muziki wa R. D. Burman. Kila jioni Jai, mmoja wa mashujaa wa filamu, anapuliza kinanda cha mdomo, na juu barazani mjane anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemeshani. Mapenzi yao yote yamo kwenye kile kinanda, na kikinyamaza unajua yameishia wapi.

Kwa wa sasa, A. R. Rahman wa Chennai. Alianza na Roja mwaka 1992, na 2009 akabeba Oscar mbili kwa usiku mmoja, ya muziki na ya wimbo, kwa Slumdog Millionaire.

Mtunzi anafanyaje kazi? Anapewa filamu ikiwa imeisha?

Kwa kawaida, karibu imeisha. Anakaa na mwongozaji, wanaiangalia kipande kwa kipande na kukubaliana muziki uingie wapi, utoke wapi. Kutoka ndiko kugumu. Muziki unaotoka vibaya ni kama mgeni aliyeaga halafu akasimama mlangoni nusu saa. Baadaye anajifungia kuandika, wiki sita pengine, wakati mwingine pungufu, wasaidizi wanagawa noti kwa vyombo, ndipo okestra inaitwa studio. Wapigaji wanavaa vipokea sauti masikioni, ndani yake kuna mdundo tik-tik-tik unaowashika sawa na picha. Wengi wao hawajawahi kuona noti zile kabla ya asubuhi hiyo. Wanazisoma kwa mara ya kwanza na taa ya kurekodi imewaka. Mimi wimbo mpya wa Pasaka nahitaji wiki tatu.

Mara chache picha ndiyo inayousubiri muziki. Kwenye E.T. ya 1982, Williams alishindwa kuufunga muziki wa mwisho sawasawa na picha, Spielberg akamwambia aizime skrini, aupige kama yuko tamashani. Akaupiga, na mwongozaji akarudi kuikata filamu iufuate. Unasikika unavyopumua. Morricone naye aliandika muziki wa Once Upon a Time in the West kabla filamu haijapigwa, ukawa unachezwa pale waigizaji wanapoigiza, na hata mwendo wao wa miguu umeufuata.

Na kuna huzuni zake. Alex North aliandika muziki wa 2001: A Space Odyssey, ukarekodiwa. Mwongozaji Stanley Kubrick akaamua kubaki na rekodi za zamani alizokuwa ameziweka kushikilia nafasi tu. North aligundua akiwa ameketi kuiangalia filamu: hakukuwa na noti yake hata moja.

Mbona muziki wa filamu za siku hizi unafanana?

Sababu moja nimeigusa hapo juu. Wakati wa kukata filamu, wahariri huweka muziki wa filamu nyingine kushikilia nafasi. Mwongozaji anausikiliza miezi mitatu, anauzoea, halafu anamwambia mtunzi: niandikie kama huu, lakini usiwe huu. Matokeo yake ni mtoto wa jirani aliyevalishwa sare ya shule yako. Sababu nyingine ni kompyuta, ambayo ina fidla na ngoma zote tayari, na kila mtu ana zilezile.

Lakini siwezi kumtupia lawama Zimmer kama wengi wanavyofanya. Kwa Interstellar ya 2014 mwongozaji Christopher Nolan alimpa ukurasa mmoja tu wa habari za baba na mtoto, bila kumwambia ni filamu ya anga. Zimmer akaandika kipande kidogo cha baba na mtoto, na hicho ndicho kikawa moyo wa filamu nzima. Kisha akakipeleka kwenye kinanda kikubwa cha kanisa la Temple, London. Chombo kinachohitaji hewa, kwenye filamu ya watu wanaoishiwa hewa. Anayepiga tromboni anaelewa hofu hiyo.

Wanawake wapo?

Wapo, na mlango ulichelewa kufunguliwa. Rachel Portman, Mwingereza, alikuwa mtunzi mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya muziki wa filamu, kwa Emma ya 1996. Mwaka uliofuata ikaenda kwa Anne Dudley. Mwaka 2020 ikaenda kwa Hildur Guðnadóttir wa Iceland kwa Joker, muziki uliojaa selo ya upweke, naye mwenyewe ni mpiga selo. Huyu tunampiga sana sebuleni. Wengine wanalalamika.

Kwa nini Bongo Movie hazina muziki wa namna hii?

Piga hesabu: wapigaji 60, kila mmoja posho, nauli, chakula, na studio ya kuwaenea. Hiyo fedha ukimpa mtayarishaji wa hapa atatengeneza filamu nzima na ya pili yake. Kwa hiyo kinanda cha umeme kinapiga sauti ileile ya huzuni toka mwanzo mpaka mwisho, hata mtu anapokunywa chai.

Na kwenye vibanda umiza, vile vyumba vya kuonyeshea video mitaani, ndiyo usiseme. Wale mabingwa wa kutafsiri, akina Lufufu na waliomfuata, ni wasanii wakubwa na nimecheka nao sana, ila sauti yao inakaa juu ya muziki wote. Kizazi kizima kimeona filamu za dunia bila kuusikia mkono wa mtunzi hata mara moja.

Fedha hata hivyo siyo kisingizio cha kila kitu. Morricone alitumia mluzi na mjeledi. Ludwig Göransson, Msweden, alipopewa Black Panther alikwenda Senegal, akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, na mhusika mfalme wa filamu hiyo akapewa tama, ngoma ile ya kwapani inayosema kama mtu. Filamu ikatoka 2018, Oscar ikafuata. Sasa sisi tuna ilimba na zeze za Wagogo, alizozunguka nazo dunia hayati Hukwe Zawose. Zeze moja, mpigaji mmoja, chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Mtengeneza filamu anayesoma hapa, nimekuomba.

Nitumie simu au nitafute spika?

Spika ya simu inakula besi zote, papa atageuka dagaa. Vipokea sauti vya kawaida vya dukani vinatosha kuanzia. Ila vaa masikio yote mawili.

Nani zaidi, Williams au Morricone?

Tulishalumbana mpaka chai ikapoa. Williams ameteuliwa Oscar mara 54 na kushinda 5. Morricone alipewa ya heshima 2007, kana kwamba anaagwa, kisha 2016 akiwa na miaka 87 akashinda yenyewe kwa The Hateful Eight. Williams atakuandikia wimbo utakaouimba ukitoka ukumbini. Morricone atakuachia sauti moja, ya mwanamke bila maneno au ya kengele, na hutaweza kuimba, itakufuata tu. Mimi ni wa Morricone. Mwenye nyumba ana haki hiyo.

Mnasikiliza tu? Nyinyi wenyewe hampigi?

Tulijaribu, mwaka jana, ile ya tembo mdogo. Mzee mmoja wa kikundi aliuliza kwanza kama vyombo vya kanisani vinaruhusiwa kupiga tembo. Tukamwambia tembo naye ameumbwa, akanyamaza. Besi ilikuwa rahisi, tyuba yetu ilizaliwa kwa kazi hiyo. Shida ilikuwa klarineti ndogo, hatuna hata kubwa. Tukampa koneti kijana wa fundi seremala, ikatoka kali mno, kama anaita watu kwenye maandamano. Akakata chupa ya maji ya nusu lita, akaibana na kitambaa mdomoni mwa koneti. Sauti ikawa ndogo, ya puani, ya mtoto anayejua anakosea na anaendelea.

Tulikosea mara nne. Mara ya tano tulifika mwisho. Nilipogeuka dirishani, watoto wa jirani walikuwa uani, hakuna aliyewaambia kipande kinaitwaje. Wawili walikuwa wanatembea kama tembo, mkono mmoja umening'inia mbele ya pua. Wa tatu, mdogo wao, alitembea kama mlevi, lakini kwa mdundo.